Breli Ilizaliwa kwa Fundi wa Kushona, Mbona Haiko kwa Nguo Zetu?

Wasee, leo hatupigi luku. Leo tunapiga historia. Lakini ni historia ya nguo, kwa hivyo msitoroke.

Nianze na swali. Msichana asiyeona anajuaje kile amevaa? Sisi wenye macho tunafungua kabati asubuhi, tunatupa jicho mara moja, tunadunga, tunatoka. Hili swali nimeliuliza watu kadhaa na wengi wamenijibu kitu kimoja: "Si kuna mtu atamwambia." Hilo jibu linasikika kama wema. Ukilichunguza vizuri utaona kwamba nguo zetu zote zimejengwa juu yake. Kila sketi, kila blauzi, kila tisheti ya Gikomba imetengenezwa ikidhani kuna macho mahali fulani chumbani. Kama si yako, basi ya mtu mwingine.

Na sisi ndio kizazi kinachosema kila siku kwamba pamba zako ndizo zinakutambulisha kabla hujafungua mdomo. Sawa. Sasa kuna wasichana hapa Kenya wanaotambulishwa na nguo ambazo hawajui zinasema nini juu yao.

Hoja yangu leo ni moja tu. Maandishi ya vidole na ushonaji ni ndugu wa damu. Vilitoka nyumba moja. Vikatenganishwa njiani, na sisi tunaweza kuvirudisha pamoja bila kungoja mashine ya mamilioni. Twende polepole.

Nyumba yenyewe iko Coupvray, kijiji kilicho mashariki mwa Paris, Ufaransa. Hapo tarehe 4 Januari 1809 alizaliwa Louis Braille. Baba yake alikuwa fundi wa kushona ngozi: matandiko ya farasi, hatamu, mikanda. Kama umewahi kusimama kwa fundi wa viatu mtaani ukamwona akitoboa ngozi kwa kile chuma chembamba chenye ncha kabla ya kupitisha uzi, basi unajua karakana ya aina hiyo inafananaje. Louis akiwa na miaka mitatu aliingia humo kucheza, akachukua kifaa chenye ncha kali, kikamwingia jichoni. Jicho likapata maambukizi, maambukizi yakahamia jicho la pili, na kufikia miaka mitano hakuwa akiona tena.

Mwaka wa 1819, akiwa na miaka 10, alipelekwa Paris katika shule ya watoto wasioona iliyoanzishwa na Valentin Haüy miaka ya 1780. Haüy alikuwa mtu mwenye nia njema kabisa. Alichapisha vitabu ambavyo herufi zake zilibonyezwa kwenye karatasi nene zikajitokeza, ili vidole viweze kuzigusa. Ilikuwa A ile ile na B ile ile unayoijua, ila imeinuliwa. Shida ni kwamba herufi hizo zilibuniwa kwa ajili ya macho. Jicho linaona A yote mara moja. Kidole lazima kiizunguke, kipande juu, kishuke, kitafute ule mstari wa katikati, ndipo kijue ni A. Vitabu vilikuwa vikubwa na vizito, kusoma kulikuwa kwa mwendo wa kinyonga, na mwanafunzi hakuweza kukaa chini akaandika barua yake mwenyewe kwa njia hiyo.

Mwaka wa 1821 mwanajeshi wa zamani anayeitwa Charles Barbier aliwaletea wanafunzi hao mfumo wake wa nukta. Wazo lilikuwa zuri, lakini alama moja ilikuwa na nukta hadi 12, zikazidi ukubwa wa ncha ya kidole. Louis akaanza kupunguza. Kufikia 1824, akiwa kijana wa miaka 15, alikuwa na mfumo wa nukta 6 tu: safu mbili, tatu tatu. Nukta 6 zinatosha kuunda alama 63 tofauti, na kila moja inaingia chini ya ncha ya kidole kwa mguso mmoja. Alichapisha mfumo huo mwaka wa 1829.

Sasa angalia kitu hiki. Kifaa cha kuandikia Breli kwa mkono ni kijichuma chenye ncha butu na mpini mdogo, unakishika ukitoboatoboa karatasi nukta moja baada ya nyingine. Ni ndugu mdogo wa kile chuma cha fundi wa ngozi. Mtoto wa karakana ya kushona alipoteza macho kwa kifaa chenye ncha, halafu maandishi yake yakaandikwa kwa kifaa chenye ncha.

Unadhani walimu walishangilia? Hapana. Mkurugenzi mmoja wa shule hiyo, Dufau, aliupiga marufuku mfumo huo mwaka wa 1840. Hoja ya wapinzani wake ilikuwa kwamba maandishi ambayo mwenye macho hawezi kuyasoma yangewatenga wasioona na jamii. Yaani, maandishi ya wasioona yalikataliwa kwa sababu wanaoona hawayaelewi! Wanafunzi waliendelea kuyatumia kisirisiri. Louis alifariki mwaka wa 1852. Ufaransa iliyakubali rasmi mwaka wa 1854, miaka miwili baada ya kumzika.

Hapo kuna somo ambalo nataka mlibebe hadi mwisho. Kuna njia mbili za kumtengenezea mtu asiyeona kitu. Ya kwanza: chukua kitu cha wenye macho, kiinue kidogo, umpe. Hiyo ni njia ya Haüy. Ya pili: anza na kidole, uliza kidole kinaweza nini, halafu jenga kutoka hapo. Hiyo ni njia ya Louis, na miaka 200 baadaye bado inasomwa dunia nzima. Kila mtu anayetaka kubuni nguo za wasichana wasioona atajikuta amesimama kwenye hiyo njia panda.

Kutoka Paris tuvuke bahari hadi Boston, Marekani, kwa sababu huko kuna msichana ambaye hadithi yake ni ya sindano na uzi kabisa. Laura Bridgman alizaliwa mwaka wa 1829, mwaka ule ule Louis alipochapisha nukta zake. Akiwa na miaka miwili aliugua homa kali iliyomnyang'anya macho, masikio, harufu na karibu ladha yote. Akabaki na mguso peke yake. Mwaka wa 1837 alipelekwa shule ya wasioona ya Perkins. Mkurugenzi Samuel Gridley Howe alimfundisha lugha kwa kubandika lebo zenye herufi zilizoinuliwa kwenye vitu vya kila siku: kijiko, kisu, ufunguo. Laura akagusa kijiko, akagusa lebo yake, hadi ikamwingia kwamba kila kitu kina jina.

Lebo. Shikilia hilo neno, tutalirudia.

Laura akawa mshonaji hodari. Alishona, alifuma, alitengeneza lesi, na kazi zake ziliuzwa. Alikuwa akitunga uzi kwenye tundu la sindano kwa kutumia ulimi wake. Mimi nina macho mawili mazima na kutunga sindano hunitoa jasho.

Mwaka wa 1842 mwandishi Charles Dickens alimtembelea Laura, akiwa na miaka 12. Dickens alieleza kwamba Laura, kama wenzake hapo shuleni, alikuwa amefungwa utepe wa kijani machoni. Chini karibu naye kulikuwa na mwanasesere ambaye Laura mwenyewe alimvisha nguo. Dickens alipomwokota akaona naye amefungwa utepe wa kijani machoni, kama mwenye mwanasesere.

Hiyo picha hainitoki. Utepe machoni haumfaidi mtu asiyeona hata kidogo. Anayefaidika ni anayemtazama. Kitu cha kwanza ambacho msichana huyu alijifunza kuhusu mavazi ni kwamba mtu asiyeona huvishwa kwa ajili ya macho ya wengine, na akampitishia mwanasesere wake somo hilo.

Lakini hadithi haikuishia hapo. Miaka mingi baadaye, huko Alabama, mama mmoja, Kate Keller, alisoma kitabu hicho cha Dickens. Binti yake Helen, aliyezaliwa mwaka wa 1880, alikuwa amepoteza macho na masikio akiwa na miezi 19. Mama akapata tumaini, familia ikatafuta msaada hadi Perkins, na Machi 1887 mwalimu Anne Sullivan akafika nyumbani kwao. Zawadi aliyombebea Helen ilikuwa mwanasesere kutoka kwa watoto wa Perkins, na aliyemshonea huyo mwanasesere nguo alikuwa Laura Bridgman, sasa mwanamke mzima. Neno la kwanza ambalo mwalimu alimwandikia Helen mkononi lilikuwa jina la mwanasesere huyo. Kwa hivyo nguo iliyoshonwa na mwanamke asiyeona ilifika mikononi mwa msichana asiyeona siku ile ile lugha ilipobisha hodi. Mtu asikuambie kwamba mavazi ni mambo ya juu juu.

Sasa turudi nyumbani, maana kwetu nguo imeandikwa siku nyingi. Hakuna nguo Afrika Mashariki inayoongea kuliko leso. Wengine wanaiita kanga, ni sawa. Ina pindo kuzunguka, ina mji katikati, na ina jina, yaani yale maneno. Mwanzoni maneno hayo yaliandikwa kwa hati ya Kiarabu, baadaye yakaja kwa herufi za Kirumi. Mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana kama Abdulla, anatajwa sana kuwa ndiye aliyeanzisha mtindo wa kuweka maneno kwenye leso. Hadi leo ukienda Biashara Street, Mombasa, wanawake wanasoma jina kwanza kabla ya kuuliza bei. Unaweza kumpa mtu leso ya pole, ya pongezi, ya mapenzi, au ya kumchoma jirani roho, na wala hufungui mdomo.

Lakini pitisha kidole juu ya hilo jina. Utapata nini? Pamba. Imelala bapa. Wino hauna urefu. Msichana asiyeona akiletewa leso na shangazi yake, inabidi aulize, "Imeandikwa nini?" Ujumbe uliokuwa wa watu wawili sasa unapitia mdomo wa mtu wa tatu. Na huyo wa tatu anaweza kusoma vizuri, anaweza kuruka neno, anaweza kucheka kwanza. Na kama hakuna aliyemsomea, anaweza kuzunguka mtaani amevaa matusi ya mtu mwingine bila kujua.

La kushangaza ni kwamba watu wetu wanajua sana kuandika kwa vidole. Chukua kofia ya vito ya Lamu: ule urembo wake wote ni vitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi kwa mkono, unaweza kuufuata muundo ukiwa umefumba macho. Chukua shanga za Wamaasai, Wasamburu na Wakamba: punje moja moja, zimepangwa kwa safu, kila moja ina urefu wake juu ya ngozi. Nukta zilizoinuliwa kwa safu! Mtu akikuambia Breli kwenye nguo ni kitu cha wazungu, mwonyeshe ushanga.

Upande wa shule, Kenya haikuanza jana. Jeshi la Wokovu lilianzisha shule ya wasioona ya Thika mwaka wa 1946. Mwaka wa 1956 sheria iliunda Kenya Society for the Blind. Mwaka wa 1958 kikaanzishwa kituo cha Machakos cha kuwafundisha watu wasioona kazi za ufundi. Sekondari ya Thika ikafuata mwaka wa 1967. Kwa hivyo tuna miongo mingi ya wasichana wa Kenya wanaosoma Breli vizuri kabisa. Darasani. Kengele ikilia wakirudi bwenini, Breli inabaki kwa dawati. Kabati, sanduku na kamba ya nguo havijui kusoma wala kuandika.

Sheria nayo iko mbele yetu. Katiba ya 2010 inataja Breli mara mbili: Kifungu cha 7 kinataka serikali iendeleze matumizi yake, na Kifungu cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuitumia, pamoja na haki ya kutendewa kwa heshima. Ukienda Kifungu cha 43, kile cha haki za maisha, utakuta afya, nyumba, chakula, maji, elimu. Nguo hazimo. Lakini Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka wa 2008, na Kifungu cha 28 cha mkataba huo kinataja mavazi waziwazi, pamoja na chakula na makazi. Na Katiba yetu, Kifungu cha 2, inasema mkataba ulioridhiwa na Kenya ni sehemu ya sheria za Kenya. Kwa hivyo tukisema nguo inayofaa ni haki, hatuombi huruma. Tunasoma karatasi zilizotiwa sahihi tayari.

Na hawa si watu wawili watatu. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 333,000 wa umri wa miaka mitano na zaidi wenye shida ya kuona. Nusu ya nchi ikiwa ya vijana, piga hesabu mwenyewe.

Binamu yangu ni mmoja wao. Ana miaka 16 na yuko shule ya bweni, sitaitaja. Siku moja nikiwa mjuaji nikamwambia, "Lakini sare ni rahisi, si zote ni za rangi moja?" Akacheka. Akaniambia, "Dada, kwa sababu zote ni sawa ndiyo maana ni ngumu." Wasichana arobaini, sweta arobaini, zote zimefuliwa siku moja na kuanikwa kamba moja. Shule ilitaka kila sweta iandikwe jina kwa kalamu ya maka ndani ya kola. Kalamu ya maka! Katika shule ambayo wenye sweta hawaoni. Jina hilo liliandikwa ili matroni alisome.

Kilichomwokoa ni mamake. Alichukua uzi mnene akashona vifundo vitatu ndani ya kola, upande wa kushoto. Sweta tatu, sketi mbili, zote vifundo vitatu. Binamu yangu anapita kwenye kamba akigusa kola moja moja na anachukua zake. Nikamuuliza giza linamsumbua vipi. Akasema, "Giza nimelizoea. Kinachonichosha ni kuuliza. Nikiwa na nguo kumi, ni maswali kumi kila asubuhi. Hii ni ya rangi gani? Iko ndani nje? Ina doa?"

Hilo la doa tuliseme bila aibu, maana sisi wasichana tunajua. Siku za hedhi, msichana anayeona anageuka kwa kioo mara moja. Asiyeona inabidi amwombe mwenzake amwangalie nyuma. Kila mwezi. Na kama mwenzake siku hiyo ana roho mbaya, atanyamaza. Sketi yenye bitana mbili nyuma na kitambaa cha rangi iliyokolea ingempunguzia wasiwasi wote huo. Hicho si kitu cha kusubiri bajeti ya serikali. Ni uamuzi wa mtu anayechagua kitambaa cha sare.

Kumbe basi, nguo nzuri kwa msichana asiyeona inafananaje? Naona wabunifu wengi wakikimbilia jibu moja: tisheti yenye Breli kubwa kifuani. Inapendeza kwa picha. Lakini fikiria tena. Anayesoma Breli anasoma kwa kugusa. Kwa hivyo maandishi yaliyo kifuani mwa msichana yanamwalika nani, ayaguse wapi? Hakuna aliyekaa chini akauliza hilo, kwa sababu nguo ilibuniwa kwa ajili ya kamera. Tena mara nyingi zile nukta ni kubwa kama punje za mahindi. Breli ya kawaida nukta zake ziko karibu milimita mbili na nusu kutoka moja hadi nyingine. Ukizitawanya sana, kidole hakipati alama yote kwa mguso mmoja, kinaanza tena kuzungukazunguka. Hiyo ni njia ya Haüy imevaa tisheti.

Maandishi ya mwenye nguo yanafaa kukaa mahali pake mwenyewe: ndani ya mshono wa kiuno, ndani ya kola, mwisho wa mkono. Na yakae mahali pale pale kwa kila nguo, ili kidole kisianze kuwinda.

Tena si lazima yawe Breli. Walio na ulemavu wa macho si wote wanaosoma Breli, hasa waliopoteza uwezo wa kuona ukubwani. Mbinu ya mama wa binamu yangu inafundishwa sehemu nyingi duniani: vifundo vya uzi wa kudarizi vyenye maana mnayoelewana nyumbani. Kimoja ni nyeusi, viwili ni nyeupe, vitatu ni buluu. Wengine wanakata pembe ya lebo, wengine wanashona kifungo kidogo ndani. Vyote hivyo ni lebo za Laura.

Na kabla ya kuongeza chochote, tuache kuondoa. Nguo tayari inaongea na vidole: zipu iko wapi, mfuko uko upande gani, mshono unene kiasi gani. Ile lebo ya kitambaa nyuma ya shingo humwambia mtu papo hapo kwamba huku ni nyuma. Siku hizi tisheti nyingi zimeondoa hiyo lebo, zimechapisha maandishi moja kwa moja kwenye kitambaa ili shingo isiwashe. Kwako ni raha. Kwa asiyeona, alama ya mbele na nyuma imefutwa. Fundo moja tu la uzi mahali hapo lingetosha kuirudisha.

Halafu kuna wale wanaoona kidogo. Msichana mwenye uoni hafifu anasaidika na kifungo cheupe kwenye blauzi ya buluu, si cha buluu kwenye buluu. Na wenye ualbino, ambao wengi wao pia macho yao ni dhaifu, wanahitaji mikono mirefu na kofia pana za kuzuia jua. Shule inayolazimisha mikono mifupi kwa sababu "sare ni sare" inawachoma ngozi kwa sheria.

Kuna watu wameanza. Hapa Kenya, Angela Wanjiku kupitia Hisi Studio anatengeneza nguo zenye Breli, na hata jina lenyewe limeanza na mguso. Kule Toronto, Kanada, Alexa Jovanovic wa Aille Design anaandika Breli kwa shanga juu ya nguo. Marekani, ndugu wawili wanaopoteza uwezo wa kuona, Bradford na Bryan Manning, walianzisha kampuni ya Two Blind Brothers mwaka wa 2016. Hadithi yao inasema walipotezana dukani wakinunua nguo, na walipokutana nje kila mmoja alikuwa amenunua shati lile lile. Vidole vyao vilikubaliana. Hao walianza kwa kuuliza kitambaa kinahisije, kisha ndipo wakafika kwa mengine.

Lakini mimi sitaki tukae tukingoja kampuni. Nguo nyingi za wasichana wetu zinatoka kwa fundi wa mtaani, kwa duka la sare au kwa mtumba. Hapo ndipo vita vitashindwa au kushindiwa. Ukiwa na dada, binamu au rafiki asiyeona, usianze kwa kumshonea. Anza kwa kumuuliza: ungependa alama ikae wapi, na iseme nini? Kama wewe unasomea ubunifu wa mavazi, peleka kazi yako ya mwisho wa muhula kwa msichana anayesoma Breli, aiguse kabla mwalimu hajaiona. Kama una cherehani, una uzi, na hicho ndicho kifaa kinachotakiwa. Louis alikuwa na miaka 15 alipomaliza nukta zake. Hakuna mtu anayesoma hapa aliye mdogo sana.

Na kama wewe ni mteja tu, wiki hii ukienda kuchukua sketi ya ndugu yako, mwambie fundi aongeze vifundo viwili ndani ya kiuno, upande wa kushoto. Akikuuliza kama ni urembo, mwambie hapana, ni maandishi.